Dunia Ndani ya Ungo

Jumamosi, 1 Agosti 1953

Temeke. Upepo wa kusi tangu alfajiri, vumbi kila mahali. Vumbi kwenye uji, vumbi kwenye masikio. Nimelilaani miaka mingi. Kumbe ujinga wangu!

Leo Mwalimu Alfonsi alihutubia Chama cha Wapenda Maarifa, uani kwa Mzee Salumu muuza kahawa. Alisema kwamba zamani sana, kabla ya kuwapo dunia, jua changa lilizungukwa na wingu la hewa na vumbi. Vumbi jembamba kuliko unga wa mchele. Chembe zikaelea, zikagusana polepole, zikanatana. Mbili zikawa moja, moja ikapata ya tatu. Ikawa punje, ikawa donge, ikawa jiwe, ikawa kilima, na mwisho ikawa dunia hii tunayoikalia kunywa kahawa. Wataalamu wa Ulaya wanabishana juu ya mengi, alisema, lakini wengine wanashika kwamba mwanzo ni huo: vumbi kugusa vumbi. Mzee Salumu akauliza kama maneno haya hayamwondoi Mwenyezi Mungu. Mwalimu akajibu kwamba yeye hakusema nani, amesema vipi tu. Mzee Salumu akaridhika, akazungusha birika.

Kisha tangazo. Katibu wetu amehamia Tabora. Katibu mpya atachaguliwa Jumamosi ya tarehe 15, na kila anayetaka cheo aje aonyeshe jambo moja la maarifa mbele ya wanachama. Nikasimama papo hapo. Na Kasimiri naye akasimama! Kasimiri fundi cherehani, jirani yangu ukuta kwa ukuta, Mngoni wa Songea, mtani wangu mimi Mzaramo. Fundi cherehani ana maarifa gani? Vifungo.

Ni lazima niwe Katibu. Si kwa kiburi. Mwinjuma muuza nazi ameleta salamu kutoka Kimbiji: mama mkwe wangu, Bi Tabu, atakuja kabla ya Iddi Kubwa kumchukua binti yake Hamisa, mke wangu. Hoja zake ni mbili. Kwanza, miaka sita ya ndoa na hakuna mtoto. Pili, sanduku la arusi. Alimpa Hamisa yeye mwenyewe, la mvule, lenye njumu za shaba. Mwaka jana nililigeuza mashine ya kuangulia mayai. Taa ikaunguza kanga zote za Hamisa, mayai yakaiva. Bi Tabu amesema, kwa mujibu wa Mwinjuma, kwamba mwanamume asiye na mtoto walau awe na akili. Asiye na vyote viwili, mke amkalie kwa lipi?

Nampenda Hamisa. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Akiondoka sijui nitafanya nini jioni. Lakini mama mkwe gani atamwondoa binti kwenye nyumba ya Katibu? Hayupo.

Nitatengeneza dunia. Ndogo.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimetoka kazini, ghalani, nimejaa sufi mpaka kwenye nyusi. Sikupumzika. Nikazoa vumbi la barabarani, nikalitia kwenye sinia, nikatikisa kwa nguvu. Halikunata. Nikapiga chafya mpaka mishipa ya shingo ikauma.

Nikafikiri. Chembe zinataka kukutana. Mimi nizikutanishe kwa kishindo. Nikaazima mvukuto kwa mhunzi, nikapuliza vumbi la upande huu likutane na la upande ule. Mavumbi yakakutana. Yakatawanyika. Yakatoka dirishani yote pamoja, yakatua juu ya kanzu nyeupe ya bwana arusi, ambayo Kasimiri alikuwa ametoka kuipiga pasi na kuitundika uani.

Kasimiri hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi kwake. Alisema amezoea kuwaona Wazaramo wakicheza ngoma mpaka vumbi litimke, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuona Mzaramo akitimua vumbi bila ngoma. Watu uani wakacheka. Filomena mkewe akaifua kanzu upya. Mimi nikafunga dirisha.

Baadaye nikakumbuka kwamba Mwalimu alisema polepole. Angelikaza neno hilo zaidi.

Jumatano, 5 Agosti

Ushindi! Nimeinama chini ya kitanda kutafuta ndara, nikakutana na ulimwengu. Donge la vumbi na nyuzi za sufi za godoro, limeviringika lenyewe, kubwa kama yai la kuku. Hakuna aliyelitengeneza! Upepo wa chini ya mlango umelisukuma polepole, kila siku limeokota kidogo, limenenepa. Kando yake vidogo viwili, watoto wake nadhani.

Nimepiga marufuku kufagia. Nilimtazamia Hamisa abishe, maana ni mwanamke anayefagia hata kivuli. Hakubisha. Alisema sawa, akalala. Siku hizi analala sana. Saa tisa analala, baada ya magharibi analala. Nilidhani amenichoka, lakini mtu aliyemchoka mwenziwe humtazama kwa jicho, na yeye hanitazami, anasinzia tu.

Ijumaa, 7 Agosti

Msiba na furaha siku moja.

Msiba: nimerudi kutoka msikitini, nyumba inang'aa. Filomena alikuja kuomba chumvi, akaona vumbi, akamwona Hamisa amelala, akadhani nyumba ina mgonjwa. Akafagia chumba hadi chumba, na chini ya kitanda akaingia kwa magoti. Ulimwengu wangu umo jalalani. Hamisa anasema Filomena alifanya kwa huruma. Mimi nasema Filomena ni mke wa Kasimiri, na Kasimiri anataka ukatibu.

Furaha: nikakaa uani nimenuna, Hamisa anapepeta unga wa muhogo. Matone ya maji yalikuwa yameangukia unga. Akawa anauzungusha ungo taratibu, taratibu, na unga ule uliolowa ukaanza kuviringika. Vipunje. Vipunje vikaokota unga, vikawa vikubwa. Nikaruka! Nikamwambia aache kupika, kuna jambo kubwa kuliko ugali.

Shida ni vumbi. La barabarani lina mchanga, halishikani. Hapo Hamisa mwenyewe akasema kwamba udongo mzuri ni wa kichuguu, mlaini, hauna mchanga, na kwamba anakijua kichuguu kimoja njia ya Mtoni. Nikasema nitakwenda kesho. Akasema hapana, anakwenda sasa hivi. Na akaenda! Amerudi na kapu tele, uso umechangamka kuliko siku ya Iddi. Akautwanga, akauchekecha, akaunusa. Akasema unanukia kama mvua ya kwanza.

Miaka sita nimeishi na mpenda maarifa na sikujua.

Jumapili, 9 Agosti

Nimezungusha ungo mpaka mabega yanawaka. Vidunia vinazaliwa vizuri, vinakua haraka, kisha vikifika ukubwa wa choroko vinagoma. Havinati tena. Vinagongana, vinarukana, kila kimoja kinashika njia yake. Nikizidisha nguvu, vinapasuka na kurudi vumbi. Ukipunguza, vinakaa tu. Sijui zile za mbinguni zilipitaje hapo. Mwalimu nilipomuuliza alisema ni swali zuri, yaani naye hajui.

Dawa nimeipata kwa kuchungulia. Kasimiri anapopiga pasi hujaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya nguo yakatoka kama ukungu. Nikafanya vivyo hivyo juu ya ungo. Vikanata! Vimepita choroko, vimepita kunde, sasa viko kama ndimu. Nimevipanga juu ya mkeka chumbani vikauke. Nimevitazama muda mrefu. Sidhani kama kuna Mzaramo mwingine aliyelala chumba kimoja na dunia nyingi namna hii.

Jumatatu, 10 Agosti

Wizi. Asubuhi mkeka una mapengo. Vidunia kadhaa havipo, na vilivyokwenda ni vile vizuri, laini, visivyo na nyufa. Mwizi ana jicho.

Hamisa anasema hakusikia kitu. Maskini, hali yake si njema. Alfajiri alitapika nyuma ya choo. Anasema ni dagaa wa jana. Halafu ameniomba nisipake mafuta yangu ya nywele, harufu inamkera. Mafuta yale yale tangu siku ya arusi! Nimempa ukwaju, akaula wote na mbegu karibu azimeze. Nadhani ni wasiwasi wa kuja kwa mama yake. Na mimi sijisikii vizuri.

Nani ananufaika nikikosa dunia ya kuonyesha? Mtu mmoja tu, na nyumba yake imeshikana na yangu.

Jumatano, 12 Agosti

Jana jioni nilitega. Nilivipaka vidunia vyote masizi ya chungu, kidogo tu, upande wa chini. Atakayeshika, vidole vitamsaliti.

Asubuhi vimepungua tena. Nikatoka na salamu zangu. Nimempa mkono kila jirani na kumtazama vidole. Mzee Salumu akauliza kama nagombea udiwani. Vidole vyake safi. Filomena safi. Kasimiri: MEUSI! Kidole gumba, cha shahada, mpaka kwenye kucha.

Sikusema hapo hapo. Nilisubiri jioni, uani kwa kahawa, watu wamejaa. Nikasimama nikasema kwamba Chama cha Wapenda Maarifa kina mwizi wa maarifa, nikamnyanyua Kasimiri mkono juu. Kasimiri akainama chini ya benchi, akatoa pasi yake ya mkaa, akaifungua, akaniomba niishike nami. Nikaishika. Vidole vyangu vikawa vyeusi.

Kisha akasema neno lililoumiza kuliko pasi. Akasema yeye ni mtani wangu. Akikitaka kitu changu atakuja mchana, atakichukua mbele yangu, atakwenda nacho akiimba, na mimi kwa mila sina la kusema. Sasa mtani aibe usiku kwa shida gani? Wazee wakaitikia. Hata Mwalimu Alfonsi alitikisa kichwa kukubali, na yeye ndiye mwenye hotuba.

Nimerudi nyumbani nimefedheheka. Hamisa alikuwa na midomo myeusi. Nikamwambia anawe uso akimaliza kupika, mama yake anakuja.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimeacha vidogo. Nimetengeneza Dunia Kuu. Nilianza na punje moja, nikaizungusha, nikaipulizia, nikailisha vumbi tangu nilipotoka kazini. Sasa ni kubwa kama nazi. Mviringo kamili. Nimeipiga msasa kwa kipande cha kibuyu. Ikipata jua inang'aa hudhurungi kama kahawa.

Sitaitoa machoni mpaka Jumamosi. Lakini kesho kuna kazi. Kwa hiyo nimeifunga kwa kitambaa cheupe, nimeitia kapuni, na nimemkabidhi Hamisa ulinzi wake. Nilimweleza yote: kwamba dunia hii ndiyo ukatibu, na ukatibu ndio jibu la mama yake. Machozi yakamlengalenga. Akasema atajitahidi. Alilitazama kapu kwa namna iliyonipa moyo.

Jumamosi, 15 Agosti

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika.

Nilitangulia mimi. Nilizungumza vizuri. Wingu, jua changa, chembe, polepole. Nilitaja hata mgomo wa choroko, Mwalimu akaandika kwenye karatasi yake. Nikasema: na sasa, mabwana, tazameni. Nikaweka mezani, nikafungua kitambaa.

Upande mmoja haukuwapo. Pamegugunwa. Alama za meno, zimepangana vizuri, juu na chini.

Kasimiri alikuwa wa kwanza kuinama kuzitazama. Alisema kwamba dunia ya Jabiri ni kiboko, imeshapata wakazi, tena wana meno kamili. Mzee Salumu akacheka mpaka akaweka birika chini. Nikataka vumbi lote la Temeke linifunike.

Kisha zamu yake. Hakuleta kitu! Alichomoa kitana mfukoni, akakisugua kwenye kipande cha sufu cha suruali ya mtu, akakisogeza juu ya chengachenga za nyuzi alizojikung'uta chini. Zikaruka, zikanata kwenye kitana. Vumbi nalo likanata. Akasema huufanya mchezo huu kuwachekesha watoto wanaongoja nguo. Mwalimu Alfonsi akainuka kwenye kiti. Akasema huo ni umeme mdogo, na huenda ndio uliozishika chembe za kwanza kabla hazijawa na uzito wa kuvutana. Wakapiga makofi.

Kasimiri ni Katibu. Alikuja kunipa mkono. Nilimpa.

Hamisa nilimkuta mlangoni. Nilimwambia nimeshindwa. Akasema anajua, akaomba radhi, akaanza kulia. Nikamwambia si kosa lake, mwizi alikuwa hodari. Akazidi kulia. Kesho mama yake anafika.

Jumapili, 16 Agosti

Bi Tabu alifika kabla ya adhuhuri na mtungi wa samli na uso wa hukumu. Nikamwamkia shikamoo nimeinamisha macho, kama impasavyo mkwe. Nikaketi mbali. Sikuwa na cheo, sikuwa na sanduku, sikuwa na mtoto. Nilichokuwa nacho ni dunia iliyong'atwa. Nikaiweka mbele yake kwenye mkeka. Nikasema hii ndiyo kazi yangu, mama, na hata hii imeharibiwa.

Akaishika. Akaigeuza. Akaitia pua. Akauliza udongo huu umetoka wapi, nikasema kichuguu cha njia ya Mtoni. Akauliza nani ameula, nikasema mwizi. Akanitazama usoni, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Kisha akamwita Hamisa, akamshika kidevu, akamtazama macho, akamtazama shingo. Wakanong'ona. Bi Tabu akaanza kigelegele; Hamisa akamziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Ni mimba. Mwezi wa nne.

Hamisa ndiye aliyezila dunia zangu. Kwanza zile laini, kisha za masizi, ambazo anasema zilikuwa tamu zaidi, kisha ile Kuu, usiku wa kuamkia Jumamosi, akiwa analinda. Alijaribu kujizuia, anasema. Harufu ilimwita.

Niliketi chini nikalia. Sikuona haya hata mbele ya mkwe. Ni furaha ambayo sikuijua, na siwezi kuiandika zaidi ya hapo.

Baadaye nilimuuliza mbona hakuniambia. Alinijibu taratibu, bila ukali. Alisema mwaka wa pili wa ndoa aliniambia mimba ya kwanza, na kabla ya jua kutua nilikuwa nimeitangaza Temeke nzima, nimeagiza kitanda cha mtoto, nimepokea pongezi. Ile haikukaa. Kisha kwa miezi watu wakawa wanamuuliza barabarani mtoto yu wapi. Safari hii alitaka iwe yake kwanza. Alisema hauogopi mkono wangu. Anauogopa mdomo wangu.

Nilikuwa nimetangaza kwa furaha tu.

Bi Tabu ameamua. Hamchukui mtu. Atabaki nasi mpaka Iddi ipite, kisha atarudi kwake na kumwacha binti nyumbani kwa mumewe. Sharti ni moja: hakuna kusema kwa yeyote mpaka tumbo lijisemee lenyewe. Nimeapa. Nimeshika msahafu.

Jumatatu, 17 Agosti

Siku ya kwanza ya siri. Nimeilinda vizuri sana.

Nimemwambia Kasimiri tu. Hiyo ni haki, si umbea. Nilimsingizia wizi mbele za watu, na mtu aliyesingiziwa ana haki ya kumjua mwizi. Aliapa. Nimemwambia pia Mwalimu Alfonsi, kwa ajili ya elimu, maana alikuwa bado anafikiria zile alama za meno na sipendi mtaalamu afuate njia ya uongo. Aliapa, kwa Biblia. Mzee Salumu sikumwambia mimi. Yeye aliuliza mbona natabasamu peke yangu, na mzee haongopewi.

Zaidi ya hao, hakuna. Ghalani nilinyamaza kutwa, isipokuwa na yule tunayeshikiana gunia.

Jumanne, 18 Agosti

Nimerudi jioni nimekuta ua umejaa. Wanawake wa mtaa mzima, vigelegele, sahani za vitumbua, wengine wamebeba udongo kwa vijaluba, kila mmoja akisifu wa kwao. Filomena alikuwa analia kwa furaha. Katikati, mkekani, Hamisa amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Hakuniangalia.

Bi Tabu alikuwa anafunga vifurushi. Sikudiriki kuvua viatu. Alisema, akiutazama mlango, kwamba binti yake anakwenda Kimbiji, atakaa huko mpaka ajifungue, na baada ya kujifungua ataangalia. Nilimsihi. Niliapa upya. Nikasema sijui nani amesema, labda Mzee Salumu, yule hajui kufunga kinywa. Bi Tabu akaendelea kufunga.

Hamisa alisimama karibu nami kidogo pale mlangoni. Aliniambia nile, nisilale na njaa. Alisema Mwinjuma ataleta habari wakati wake ukifika, na nisije kabla hajaniita. Kisha wakaondoka kuwahi kivuko. Nilibaki nimesimama hapo hadi giza. Chumbani amefagia, hata chini ya kitanda. Nimekaa juu ya godoro na sijui mikono niiweke wapi.

Nimefikiri sana usiku huu na nimeliona kosa. Wanawake walimjia bila mpango, ua mdogo, kelele nyingi, akashtuka. Mtu hapongezwi hivyo. Basi Jumamosi, Iddi imekwisha, nitakwenda Kimbiji nikamtulize. Nimewagongea wanachama wote milango, nikawaarifu, na wamekubali kufuatana nami. Katibu atashona bendera. Nimewasisitiza kwamba jambo hili ni la siri na lazima tuingie kijijini kimya kimya. Ndiyo maana nimeagiza tarumbeta mbili tu.